Karatasi ya Zege la Roshani

Kyambogo, 1 Machi 2025

Shemeji Byron,

Salamu kutoka nyumba ya kaka yako. Huku tu wazima, kikohozi cha mwanangu Moreen kimepoa. Na wewe, mgongo unasemaje?

Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Nasikia Jumapili tarehe tisa mnazindua kanisa hapo Kabalagala, na kwaya itapanda kwenye ile roshani. Marehemu kaka yako Khaemba aliijenga, na ni yeye aliyesema isikanyagwe. Aliandika karatasi: siku zege lilipomwagwa, siku Askofu alipoamuru miti iliyolishikilia ing'olewe, na mahali ufa ulipotokea. Wewe ni katibu wa kanisa. Ipeleke kwa wakaguzi wa majengo. Kwaya ina watu thelathini na wawili. Nimewahi kuwapikia wote.

Mke wa kaka yako,
Celestine

Kabalagala, 4 Machi 2025

Shemeji mpendwa,

Pole na upweke. Mgongo unanisumbua asubuhi tu, nashukuru.

Karatasi haipo. Askofu, Dadi wetu, aliisoma, akaikata kwa mkasi kipande kwa kipande, akaitia kwenye sigiri ya makaa mke wake akichemsha chai. Tulicheka, shemeji, sikufichi. Unamjua kaka: hata chapati alitafuta palipoungua. Dadi alisema, "Huyu hajawahi kuniambia neno jema," akamfukuza. Miezi miwili baadaye presha ikamwua, na watu wanasema Mungu alimnyamazisha. Ufa umepigwa plasta na rangi, hauonekani.

Dadi anaomba Jumapili ukae mbele, useme marehemu alitubu. Kiti chako kimewekewa kitambaa. Tafadhali. Chumba ninacholala ni cha kanisa.

Shemeji yako,
Byron

Kyambogo, 6 Machi 2025

Byron,

U mzima? Mimi ni mzima, na tangu nisome barua yako sijalia tena, kwa hiyo asante.

Basi mtu mwenye ndevu mnayemwita Dadi ana mkasi. Mfalme Yehoyakimu alikuwa na kisu tu. Alikata maneno ya Yeremia na kuyachoma huku akiota moto. Nilipokuwa msichana nilidhani hakuyaamini. Sasa naona aliyaamini kuliko wote waliokuwa chumbani. Uongo nani aupotezee makaa? Manabii wa mema hawakumtaka abadilishe kitu. Yeremia alimtaka abadilike mbele ya watu waliozoea kumpigia magoti, na hapo ndipo palipomuuma. Askofu wenu anauogopa ufa, ila anaogopa zaidi ijulikane kwamba fundi alijua asichokijua yeye. Mtu mdogo, kiti kikubwa.

Yeremia aliandikisha upya. Nami nimeandika. Zege lilimwagwa Jumanne: Khaemba alirudi na saruji kwenye kope, nikampangusa kwa mafuta. Miti iling'olewa Alhamisi ya wiki iliyofuata, siku tisa tu, naye alitaka ishirini na nane. Nakumbuka kwa sababu chakula kilimshinda, akawa anachora ule ufa kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Unaanzia nguzo ya pili kushoto, unaelekea ukutani.

Nakala moja nimewapelekea wakaguzi. Watakuja Jumatatu, yaani baada ya kwaya kupanda. Hii ni yako. Kitambaa mfunikeni nacho Askofu. Sitakuja kumwombea mume wangu msamaha kwa kuwa alisema kweli.

Shemeji yako,
Celestine

Kabalagala, 9 Machi 2025

Shemeji,

Shikamoo ya mchana huu. Sote tu wazima, nataka uanze na hilo.

Nilisoma karatasi yako kwenye maikrofoni kabla kwaya haijapanda. Dadi aliniita Yuda, na chumba nimeshanyang'anywa. Nguo zangu ziko kwa Ocaya, fundi wa pikipiki. Kisha Mama Lakica, kiongozi wa kwaya, akasema kwa adabu zake zote, "Dadi, sisi tutapanda. Wewe keti hapa chini yetu."

Watu wote wakamtazama. Akatoa leso, akajifuta shingo, akasema ndani kuna joto, tuabudu uani. Wanaume wanne wakabeba kiti chake. Walipofika nacho nje walimkuta yeye keshafika.

Shemeji yako,
Byron