Usisukume Bado

Jumanne, Lusangi

…na goti bado imevimba. Kosa ni yangu. Jana tulipotoka Kabambare na wamama wa parokia, kwenda Kasongo kwa miguu kwa ajili ya jubilei, nilitangulia mbele ya wote kama mutu anayekimbia mvua.

Leo katikati ya mulima nikakaa chini, pumzi imeniishia. Mama Feza akanifikia polepole. Mimi ndiye niliyemuzalisha mara zote tatu pale maternite, nyumba ya kuzalia. Akaniinamia:

"Mama muzalishaji, usisukume bado. Pumua kwanza. Ukisukuma mapema, nguvu itaisha kabla ya saa yake."

Maneno yangu yenyewe, hata sauti ni yangu! Wamama wakacheka.

Nilipumua. Kisha nikapanda namna ninavyowafundisha wamama wanaozaa: kidogo, kupumzika, tena kidogo, bila kuuliza mwisho iko wapi. Nikafika juu. Siku tatu zimebaki, na sijui kama goti itakubali.

Miaka yote nilishangaa kwa nini wamama wapole, watu wa kusali, wananitukana wakiwa na uchungu kitandani. Leo nimejua. Pale mulimani nilimutukana Mama Feza kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, naye akanijibu vile ninavyowajibu siku zote: "Tukana tu, mama, lakini pumua."