Kijiti cha Kibuyu cha Mama

Bugembe, Jumapili mchana

Dada Chelimo,

Nakusalimu wewe na wote hapo Mbale. Mama anaendeleaje tangu uliponipigia simu? Ameanza kula? Mimi mwili ni mzima, ila bado niko ndani ya ua wa ghala lile lile ninalolinda. Meneja hufunga lango kwa nje na kuondoka na ufunguo. Niliomba tena ruhusa nije kumwona Mama. Akasema, "Ukienda, bwana, nani atalinda? Ngoja mwenzako apatikane." Mwenzangu hapatikani, wala hatafutwi.

Ulisema Mama anasukuma kila sahani, anataka maziwa ya kibuyu kama ya kwao Kapchorwa, na wewe hujui pa kupata kijiti cha kukisugulia. Sasa sikia. Nyuma ya ghala, penye ufa wa ukuta, kimeota kichaka. Nilikuwa nakipita tu kila zamu, mpaka kikachanua: maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa, na matumba meusi kileleni. Nikashuku kwamba ni senetwet, mti ule ule wa kijiti cha kibuyu. Lakini maua ya manjano yako mengi huku, sikutaka kumpa Mama tumaini la uongo. Nikafikicha jani, likanuka karanga zilizoungua. Nikakata kijiti, nikaambua gome, nikakianika kikakauka. Nikakichoma, nikasugua kaa lake ndani ya kikombe cha bati, nikamimina maziwa. Niliandika kila hatua kwenye shajara yangu, isipokuwa ile ya kuonja. Pale nilikaa chini tu. Ndicho chenyewe, Dada.

Mama Namukose, anayenipitishia chakula chini ya lango, alinichungulia akacheka. "Afande, hicho kichaka unakitazama kama mchumba!"

"Si wangu. Ni mama yangu anayekililia."

"Basi mpelekee!"

"Nitatokea wapi?"

Akatazama uwazi wa chini ya lango. Kisha akasema, "Wewe hupiti hapa chini. Vijiti vinapita."

Kwa hiyo nimefunga kitita. Mama Namukose atampa shemeji yake, dereva wa lori la mahindi, akuletee dukani kwako. Sugua kaa likiwa bado jekundu, Mama atakuelekeza.

Nisalimie shemeji, watoto, na Baba mdogo anayewaletea maziwa. Habari za lango usimwambie Mama. Akiuliza, mwambie nimetanguliza kijiti, mimi niko nyuma yake.

Mdogo wako,
Kiprop