Pua ya Bwana Rafaeli

Jumamosi, 6 Novemba 1982. Ibra, Omani.
Gari nimeosha, petroli nimetia. Saa moja nilikuwa mlangoni kwa Bwana Rafaeli, Mhispania mchimba visima ninayemwendesha na kumtafsiria. Siku hizi hasemi sana. Mchana kala wali ulioungua, hakujua. Wiki ya tatu sasa tangu nilipopindua gari karibu na Alkamil nikimkwepa ngamia. Mimi sikuchubuka. Yeye kagonga kichwa, na pua imekufa. Hanusi kitu.

Jumanne, 9 Novemba
Daktari kasema mshipa wa pua umeumia. Pengine atapona, pengine basi. Njiani Bwana Rafaeli kanieleza nisilolijua. Mkataba wake unakaribia kwisha. Babake kwao ana ghala la mvinyo, kazeeka, anamngoja mwanawe ashike kazi ya kuonja. Kazi yenyewe ni pua. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alkhamisi, 11 Novemba
Nimemwambia Mama. Kanifungia karafuu na iliki, na kichupa cha maji ya mawardi. "Mnusishe kila asubuhi, mwanangu, kama unayemfunza mtoto."
Karafuu, hakuna. Iliki, hakuna. Mawardi, hakuna. Naona haya.

Jumatatu, 15 Novemba
Bado. Leo kakataa hata kunusa.

Ijumaa, 19 Novemba
Baada ya sala kaniita kwake. Mezani chupa moja. Babake alimpa siku aliyoondoka kwao: mvinyo mwekundu, umekaa miaka kwenye pipa la mti wa mwaloni. Kaifungua. Kajaribu. Kasema hawezi kujua kama mzima au umeharibika. Akanisogezea glasi.
Deni la roho ninalo, lakini hili siwezi.
"Kunywa sinywi, na wewe wajua," nikamwambia. "Kunusa nitanusa."
Nilitazamia siki. Nikakuta ubao wa zamani. Ngozi. Zabibu kavu. Halafu nazi! Nazi iliyokunwa sasa hivi, kama jikoni kwetu Unguja kabla hatujahamia huku. Niliona haya kulisema. Nikalisema.
Akaruka kitini. "Nazi! Hiyo ndiyo harufu ya pipa. Baba huitafuta hiyo kwanza."
Akaichukua glasi, akafumba macho, akatia pua. Muda mrefu. Nikajuta kusema. Nimemtia tamaa bure.
"Ubao," akasema. "Kidogo. Uko mbali."
Akanusa tena. Ubao. Akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni, akameza. Akasema mvinyo mzima. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka. Watu wazima wawili.

Alkhamisi, 25 Novemba
Karafuu kaijua mwenyewe, macho kafumba. Iliki kaiita sabuni. Si kitu. Kamwandikia babake kuwa anarudi kushika kazi ya kuonja. Barua nimeipeleka posta mimi. Mama kasali rakaa mbili. Nimelala usingizi mzima, ngamia sikumwota. Alhamdulillahi.

Jumatano, 8 Desemba
Tumetoka Sur. Nilimnunulia Mama papa mkavu, nikamfunga kwa magunia mawili, nikamtia nyuma ya gari. Hatujamaliza maili tano, Bwana Rafaeli kashusha kioo, kakunja uso, kaniuliza nimebeba maiti ya nani.
Nikamwomba radhi. Papa sikumtoa. Tukaenda vioo wazi mpaka Ibra, yeye akinung'unika, mimi nikimsikiliza.