Namba za Daftari Lako

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Kamenu? Mguu wako unaendeleaje, na nyanya yetu shosho ameacha kugombana na daktari wake? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanitafuna masikio.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ni ile kazi yako ya ukarani wa kanisa, na usicheke! Mtu wa kampuni moja akitaka kutumia kompyuta za kampuni nyingine, hapewi nywila mpya. Kampuni yake inampa cheti cha kumtambulisha, tunakiita tokeni, kama muumini anayehama anavyokuja na barua ya kanisa lake la zamani. Mimi naandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu ya kukagua tokeni hizo.

Wiki iliyopita, siku mbili kabla programu haijapelekwa kwa wateja, niliisoma upya nikashtuka. Kila tokeni inataja anwani ya aliyeitoa, na programu yangu ilikuwa inaenda kuuliza kwenye anwani hiyo hiyo kama tokeni ni ya kweli. Mwongo angejiandikia tokeni, ataje anwani yake, kisha ajijibu mwenyewe kwamba ni mwaminifu. Nikamkumbuka yule bwana aliyekujia ofisini na barua, akidai ametoka kanisa la Ruiru.

"Si namba ya pasta iko hapo juu ya barua, Mama? Piga tu," alikuambia.

"Hiyo umekuja nayo wewe," ukamwambia. "Mimi napiga ile iko kwa daftari yangu. Kaa hapo, chai inakuja."

Chai hakuingoja.

Basi mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Niliogopa kufukuzwa, lakini kunyamaza niliona ni kubaya zaidi. Nikamwendea mkubwa wangu, nikamweleza kosa pamoja na kisa chako. Akasimamisha kila kitu, tukaweka orodha yetu wenyewe ya anwani za kuaminika. Kazi ningali nayo.

Ila aliniuliza swali lililonishinda: mama yako naye, namba za kwenye daftari alizipata wapi? Tangu siku hiyo silali vizuri kwa kutaka kujua. Je, ulizipata zile Jumamosi ulizotuachia githeri, mahindi na maharagwe tupu, ukaenda Ruiru, Kiandutu, hadi Gatundu? Ulikuwa ukienda kuwaona mapasta hao kwa macho yako, mmoja mmoja?

Nisalimie Baba, na shangazi yetu, tata wa kule Kahawa Sukari. Njeri, dada yangu mwalimu, mwambie kwamba Jumamosi zile zote tulikununia bure.

Ni mimi mwanao,
Wanjiku