Boti Niliyoisifia Bila Kuiona

Jumanne, Karatu

Hata mke wangu nimeshindwa kumwambia.

Asubuhi, kabla hatujashuka kreta kutazama wanyama, nilikagua gari kama kawaida: breki, matairi, jeki. Mama mgeni alisimama na mwanawe wakiniangalia. Keshokutwa wanakwenda Unguja, wapande boti ya matanga hadi Pemba. Akaniuliza, "Yule nahodha uliyenitajia, unamjua vizuri? Boti yake nzima?"

Sisi madereva wa watalii hatusemi "sijui" mbele ya mgeni. Nikajibu, "Mzoefu sana, mama. Boti imara."

Boti yenyewe nimeiona kwenye picha tu, imepakwa rangi mpya. Namba ya nahodha nilipewa na dereva mwenzangu.

Akatabasamu. "Kwa unavyokagua gari, nakuamini."

Kutwa nzima neno hilo limenichoma. Jioni nikampigia nahodha: redio ipo? Jaketi la kujiokolea la mtoto je?

"Kaka, Mungu yupo," akanijibu.

Dereva akinijibu hivyo, gari lake silipandi hata kwenda hapo Oldeani jirani.

Ujumbe nimeufuta mara tatu. Wa nne nimeutuma: "Mama, msipande ile boti. Nilikudanganya. Mimi ni mtu wa Endamarariek, bahari sijawahi kuiona."