Alama Mbili Katika Daftari la Okoth

Okoth rafiki yangu,

Duka lako limefunguliwa tena. Ndugu yako Ouma ndiye anayeuza, na kitu cha kwanza alichofanya ni kubandua picha zako za magitaa na kubandika waigizaji wa Kituruki, wote wamenuna. Wateja bado wanaleta flashi zao wajaziwe vipindi. Lakini panki, ule muziki wako wa makelele, hapigi. Mimi niliyekuwa nikigonga kwa mkasi mabati yanayotenganisha duka lako na langu ili upunguze sauti, sasa nashona kwenye kimya mpaka nasikia sindano ikiingia kwenye kitambaa. Sijakizoea. Kinaniumiza.

Lile daftari letu Ouma alitaka kulitupa, nikamwomba anipe. Ninalo hapa juu ya cherehani. Jana nimelisoma lote, kila tamthilia na kila albamu tuliyoipa alama kati ya kumi ili watu wa Migori wajue cha kubeba nyumbani. Tulikuwa na kiburi sana, wewe na mimi. Ile ya mama mkwe wa Istanbul niliipa tisa, nawe ukaandika chini yake, "Wakiacha kutazamana, inaisha siku moja." Bado nasema ni tisa. Yule mama alipouza shamba la mwanawe kisha akampikia chakula, nililia mpaka nikashona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Ile ya inspekta wa Nairobi tulikubaliana nne, kwa sababu mtu hawezi kukimbiza wezi vipindi kumi na viwili bila kula hata chapati.

Kwenye panki ndiko hatukuelewana. Ulisema albamu nzuri inafaa iishe kabla wali haujaiva, na mwimbaji asijue kuimba sana, maana akijua sana anaanza kujipendekeza. Ulinieleza hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa Kijaluo changu ni cha kununua dagaa wa omena tu na Kikuria chako kilikuwa cha kunisalimia asubuhi tu. Sheria yetu ilikuwa moja, na uliiandika kwenye jalada kwa herufi kubwa: hakuna kutoa alama kabla ya kusikiliza mara tatu.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike.

Unaikumbuka ile albamu ya wasichana wanne wa Nairobi, uliyoingoja mwaka mzima. Ulinipa kwenye flashi nyekundu, ukaniita binti wa Kegonga kwa Kijaluo chako, "Nyar Kegonga, hii usiharakishe." Ilikuwa Januari, sare za shule zimejaa mpaka chini ya meza. Flashi niliitia kwenye kopo la vifungo. Uliponiuliza siku ya tatu niliona haya kusema sijaigusa, basi nikachukua kalamu nikaandika mbili. Nikaongeza na maneno, "Kelele tupu." Okoth, sikuwa nimeisikiliza. Hata wimbo mmoja.

Ulisoma, ukajikuna shingo. "Sawa. Hata mbili ni alama." Ukarudi dukani kwako, nami nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Jana nimeona ulichofanya baadaye. Ulikuwa umeipa tisa. Ukaikata tisa yako kwa mstari mmoja, ukaandika tano, na pembeni, kwa herufi ndogo, "Boke ana sikio kunizidi." Sikujua. Ulishusha kitu ulichokipenda kwa sababu uliniamini, na mimi nilikuwa nimekudanganya kwa ajili ya sare za watoto. Wiki mbili tu zilipita. Kichwa kilikuuma Jumatatu, na Alhamisi Ouma akagonga mabati kwa ngumi, akaja mlangoni kwangu kuniambia umetutoka.

Tulikuja kwenu Kosele kukuzika. Mchana wakafanya tero buru, jambo nililokuwa nikilisikia kwako tu, maana mimi si wa huko. Vijana waliwakimbiza ng'ombe hadi mwisho wa mashamba na kurudi nao mbio, firimbi na matawi mkononi, kila mtu akipaza sauti yake bila kumngoja mwenzake, vumbi likapanda mpaka paa la mama yako halionekani. Mama alinishika mkono, akaniita mtoto wake. "Usiogope, nyathina. Tunafukuza hiyo kifo itoke kwa boma." Sikuwa naogopa. Nilikuwa nakusikia wewe nyuma ya mabati. Niliwahi kukuuliza mbona watu wazima wanapiga makelele namna hii na kuyaita nyimbo, ukanijibu, "Kwani wewe ukiumia utalia polepole?" Siku hiyo nilikucheka. Pale Kosele nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha, na hakuna aliyenishangaa.

Basi jana, baada ya kuiona ile tano, nilimwaga kopo la vifungo juu ya meza. Nimesikiliza mara tatu kama sheria inavyotaka, mara ya tatu nikiwa nimesimamisha cherehani. Mpiga ngoma ana haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Wimbo wa pili ni mzuri. Ule wa tano, msichana anapomfokea baba yake halafu sauti inamkatika katikati na hawakuirekebisha, ule umenikalisha chini. Wa mwisho wameurefusha bure. Wali ungeungua.

Nilitaka kuipa kumi. Nilishaandika ile moja ya mwanzo, kabla ya sifuri, nikasimama. Ungenidharau. Kumi ya kufiwa si alama. Kwa hiyo nimekata mbili yangu na kuandika saba, na chini yake nimeandika kwamba mara ya kwanza nilidanganya, ili kila mteja asome. Yako nimeirudisha tisa. Bado tunapishana kwa mbili, lakini safari hii nimesikiliza.

Nisamehe. Nimechelewa, najua.

Daftari nitalirudisha kaunta nilifunge kwa uzi wake kama zamani, na sitaandika alama tena kabla ya mara tatu, hata iwe Januari. Pumzika huko Kosele, osiepna, rafiki yangu, neno ulilonifundisha wewe. Kesho asubuhi nampelekea Ouma flashi nyekundu, nimwambie afungue sauti yote.

Sitagonga mabati.

Boke