Aliye Hai kwenye Meza ya Marehemu

Queensbury,
London, Uingereza.
Jumatano, 11 Machi 2026.

Mpendwa Mama Mdogo Restuta,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, Mama. Kabla sijaandika neno lingine lolote naomba kujua hali yako, na safari hii siulizi kwa kufuata desturi ya barua. Umeamkaje? Unameza? Uji unashuka? Usingizi unaupata? Haika, mjukuu wako anayekusomea, namsihi asome taratibu na asiruke mstari hata pale atakapoona ninajiaibisha.

Mimi ni mzima wa mwili. Mwanangu Kelvin ni mzima, mkewe Quyen ni mzima, na mtoto wao ameota meno ya chini, anatafuna kila kitu pamoja na rozari yangu. Baridi imepungua ila mvua haijachoka. Kazini bado nasukuma vitanda vya wagonjwa, kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji na kurudi.

Barua hii inaletwa kwa mkono na Elinaja, yule muuguzi wa kwetu ninayefanya naye kazi, ambaye anasafiri kesho kwa likizo. Nimechagua karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba simu ni ya salamu, na jambo zito hukaliwa chini. Tena simu ya hapo nyumbani huwekwa sauti ya juu, na ninayoyaleta si ya kusikiwa na kila aliyepita kuomba chumvi.

Jambo lenyewe linahusu picha yako.

Unaikumbuka ile uliyopigwa siku ya jubilei ya parokia, umevaa kitenge cha zambarau, umemkazia macho mpiga picha kana kwamba amekanyaga mboga zako? Nimeitundika sebuleni, juu kabisa, peke yake, kwenye fremu niliyoinunua dukani kwa Ajay, Kingsbury Road, na nimeizungushia maua ya plastiki. Chini yake pana rafu ndogo yenye sanamu ya Bikira Maria na mshumaa. Hapo ndipo ninaposali kila jioni, na jina lako hulitaja kwa sauti. Kwetu hiyo ni heshima. Mtu mzima hutundikwa juu angali hai, ili mgeni akiingia ajue nyumba hii ina wenyewe.

Sasa nikueleze habari za wakwe zetu, maana hukuwahi kuelezwa vya kutosha. Quyen alizaliwa hapa London, upande wa Hackney, lakini wazazi wake ni watu wa Vietnam. Mama yake alitoka kwao akiwa msichana, baada ya vita, akakaa kambini Hong Kong, ndipo akaletwa huku, akashona nguo viwandani mpaka macho yakachoka. Nyumbani kwao huweka meza ya marehemu: picha za wazee waliofariki, matunda, chai, vijiti vya ubani. Siku ya mwaka wao mpya hupika, hupakua, na kuwaita marehemu kwa majina waje kula na watoto wao. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilikaa karibu na mlango. Baadaye nikazoea, kwa maana hata babu zetu walimwaga mbege chini kabla ya kunywa, ingawa mapadre hawakupenda kulisikia.

Quyen ni msanii. Hutumia utomvu wa mti wa nchi ya wazazi wake, utomvu mkali unaomtoa vipele mikononi. Huupaka ubao tabaka kwa tabaka, hupachika maganda ya mayai panapotakiwa weupe, kisha husugua kwa msasa na maji mpaka sura iliyozama chini inapanda juu. Kazi hiyo hakuirithi kwa mtu. Aliifuata mwenyewe Hanoi, akajifunza kwa watu waliomcheka jinsi anavyokwamakwama katika lugha yao, kama Kelvin anavyokwama katika Kiswahili. Mama yake hupenda kusema, "Mimi nilikimbia na nguo nilizovaa. Huyu amerudi kuokota nilivyoviacha."

Mwaka huu kazi yake imechaguliwa kwa maonyesho makubwa ya wasanii wenye asili ya Vietnam waliotawanyika duniani. Wapo wa Paris, wa Warsaw, wa California na wa Melbourne. Jumamosi iliyopita nilialikwa ukumbini, siku kazi zote zilipopelekwa kupigwa picha. Dada mmoja wa Melbourne ameandika majina ya shangazi zake juu ya kucha za bandia, kwa rangi ya kucha, kwa sababu kazi ya kucha ndiyo iliyomsomesha. Kijana wa Warsaw ameshona pazia refu kwa mifuko ya plastiki ya soko alilokulia, akilala chini ya meza ya biashara ya wazazi wake. Wengi wao hawawezi kusoma barua za bibi zao. Kila mmoja anaishikilia asili yake pale alipoipata.

Kazi ya Quyen ni meza ya marehemu juu ya ubao mpana. Alianza kuitengeneza mimba yake haijaonekana, ili mtoto aijue jamii yake ya pande zote mbili. Kushoto ni wazee wa Vietnam. Kulia, Mama Mdogo, ni wewe. Uso wako unang'aa weusi mzito, kitenge ni cha dhahabu, na mvi zako ni maganda ya mayai. Sijapata kuona uso wa mtu wa kwetu umefanyiwa kazi kwa subira namna ile. Nilisimama mbele yake na koti langu la kanisani, nikajiona mtu.

Mama Quyen alikuwa kando yangu. Akaniambia kwa Kiingereza chake, nami namjibu kwa changu, "Mkwe, mama yako ana uso wa mtu mkali."

"Mkali kweli, mkwe. Juzi hapa amemfukuza fundi wa paa, eti anapiga misumari kivivu."

"Juzi gani?"

"Krismasi hii."

Akanigeukia. "Mkwe. Huyu anakula?"

"Anakula, na anagombeza huku anakula. Ni mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Ni mzima."

Alimwita mwanawe kwa lugha yao, mara moja, kwa sauti ya chini, na Quyen akaja mbio na kitambaa mkononi.

Ndipo nilipoelezwa. Kwao aliye hai hawekwi kamwe kwenye meza ile. Kumweka ni kumtangulizia safari. Quyen aliiona picha yako ikiwa juu, peke yake, ina maua, ina mshumaa chini yake, na baba mkwe analitaja jina lako kila jioni kwa sauti ya huzuni. Nilimwambia hiyo si huzuni, ndiyo sauti yangu ya sala. Hakuwahi kuuliza, kwa sababu kwao kumwuliza mkwe habari za marehemu wake ni kumtonesha kidonda. Kelvin alimwona akiinakili kwa simu, akadhani ameipenda tu. Hakuna aliyesema uongo, hakuna aliyekosa adabu, na wewe ukawekwa mahali ambapo hukustahili kuwapo.

Lililo zito zaidi nililijua Mama Quyen alipoketi juu ya sanduku la mbao akaanza kulia. Mwezi uliopita, sikukuu ya mwaka wao mpya, ubao ule ulikuwa sebuleni kwake. Alipika, akapakua, akawaita wazee wake wote kwa majina. Akakuita na wewe. Alikuwekea bakuli lako, na kwa kuwa hakujua kama unaviweza vijiti vyao vya kulia, akakuwekea kijiko.

"Nilimwita kwa adabu," alirudia. "Nilimwambia karibu ule, usione aibu, hapa ni kwako."

Nilimjibu kwamba sisi ni Wakatoliki na mambo hayo hayatugusi. Nilisema kwa sauti imara. Jioni ileile nikampigia Haika.

Haika, usisite kusoma hapa, ni wewe uliyeniambia. Ulisema Bibi ameacha kula tangu Jumatano ya Majivu, nawe ukadhani anafunga Kwaresima. Ukimwekea sahani anaisukuma, anasema, "Nimeshiba, mjukuu wangu." Kisha ukaniambia daktari ameona tezi la shingo limekua ndani, linabana njia ya chakula, na upasuaji umepangwa Jumanne ijayo.

Mama, mwaka mpya wa wakwe uliangukia Jumanne. Jumatano ya Majivu ilikuwa kesho yake.

Ninajua tezi ni tezi. Nimeliona shingoni mwako tangu utoto wangu, hata ulipolifunika kwa mtandio. Nilikwenda kwa Padre, akaniambia picha ni picha tu. Nikajibu, "Ndiyo, Padre," nikatoka na hofu yangu nzima. Tangu hapo simu ikilia huitazama kwanza. Lile neno "nimeshiba" hunijia ndani ya lifti ya hospitali, mgonjwa amelala mbele yangu. Kazi yangu ni kuwaambia usiogope mama, usiogope baba, tunafika sasa hivi. Jana mzee mmoja akaniangalia kutoka kitandani akauliza, "Kwani ni mimi ninayepasuliwa, au ni wewe?"

Tuliporudi nyumbani Quyen alikaa sakafuni mbele yangu. Alisema anaweza kuupaka uso wako tabaka jeusi, ubaki chini yake bila kuonekana. Nikamwambia hapana, mwanangu, kufunikwa namna hiyo ndiko kuzikwa kwenyewe. Akasema basi ataiondoa kazi yote kwenye maonyesho. Kelvin alitazama ukuta. Mimi nilijua nafasi ile haitamrudia upesi, na bado sikumkataza. Naliandika hili ili ujue jinsi ninavyoogopa.

Aliyeleta njia ni Mama Quyen. Alikuja na basi kutoka Hackney, mvua yote ile, akasema kwamba hata aliye hai ana mahali pake kwenye meza ya marehemu. Husimama mbele yake, mikono miwili imeshika kile anachowatolea wazee. Kwanza yeye atapika upya, awaambie wazee wake kwamba mgeni yule aliitwa kwa makosa, wamruhusu arudi kwake. Kisha Quyen akusugue utoke pale juu, akutengeneze tena chini, mbele, umesimama kwa miguu yako, upande wa wanaoishi. Pale ulipokuwa atawekwa mama yangu, dada yako. Kwa kuwa hakuwahi kupigwa picha maishani mwake, Quyen ataacha duara la maganda ya mayai lisilo na sura.

Lakini hawatagusa chochote bila idhini yako. "Mwenye uso ndiye mwenye amri," amesema Quyen. Maonyesho yanafunguliwa baada ya Pasaka, na rangi ile hukauka polepole.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naleta mbele yako maombi yafuatayo. Kwanza, uamue kama uhamishwe mbele au uondolewe kabisa. Utakaloamua litatendeka na hakuna atakayenung'unika. Pili, ukikubali kuhamishwa, Quyen anauliza akushikishe nini mikononi. Yeye alifikiria maua. Nilimwambia nina mashaka. Tatu, uwasamehe. Mama Quyen hakukuita kwa ubaya, alikuita kama mtu anavyomwita ndugu yake mezani.

Jibu naomba lije kabla ya Jumanne, na liwe kwa sauti yako. Haika akurekodi kwenye simu. Asinisimulie ulichosema, nataka kukusikia wewe, hata ukinigombeza mwanzo hadi mwisho.

Nimejitahidi barua hii ikae sawa, Mama, kila neno mahali pake, kama nilivyojizoeza mwenyewe tangu nilipoishia darasa la saba. Hata hivyo ombi ninalolitaka hasa bado sijaliweka, kwa kuwa sijui huandikwaje kwa utaratibu. Naliandika lilivyo. Naomba usife. Wakikulaza, na usingizi wa dawa ukaanza kukuchukua, na ukamwona yeyote anakukaribisha chakula, hata kama ni dada yako mwenyewe, mwambie hukuja kula. Mwambie una mtoto London ambaye hujamjibu.

Unisalimie Jane na watoto wake. Unisalimie pia shemeji Lusekelo. Nasikia ndiye atakayekupeleka hospitali, mwambie nimemwomba aendeshe polepole kwenye mashimo. Kelvin anakupa shikamoo. Quyen naye anakupa shikamoo, amejifunza kulitamka na anakuomba usicheke. Jirani yangu Bharti anakuombea kwa namna ya dini yake, nami nimepokea bila kubagua.

Mungu alilinde koo lako, aiongoze mikono ya madaktari, na akurudishie njaa.

Ni mimi mtoto uliyemlea, nikupendaye na kukuogopea,

Severin.